Leso Aliyoikataa Mama Debra

Nimekaa na Virginia Gathoni miaka mingi kuliko niliyokaa na mume wangu, na ukiniuliza kati yao nani alikuwa mgumu zaidi, sitafikiri mara mbili. Mume wangu alikuwa mlevi tu. Mlevi akilala, nyumba inapumzika. Virginia halali na jambo mpaka lilale yeye akiwa macho analitazama.

Sisi wote tunamwita Mama Debra. Tunashona nguo za makochi pale Dagoretti Corner, katika vibanda vya mabati kando ya Ngong Road. Mafundi wa mbao wanaunda fremu huku mbele, sisi tunakata sponji na vitambaa huku nyuma. Kibanda ni chake, mimi ni msaidizi wake. Jioni tunarudi Kinoo, ambako mimi ni mpangaji wake. Mchana ananituma kazini, mwisho wa mwezi namlipa kodi. Nikilalamika huniambia, "Lornah, barabara ya Vihiga haijafungwa. Rudi kwenu ukachume majani chai." Kisha hunipakulia chakula.

Nikwambie mtu wa aina gani. Siku moja tulimvalishia mteja kochi la watu watatu, kitambaa cha maua. Maua ya mkono wa kushoto yalipanda juu kidogo kuliko ya kulia. Mteja hakuona, alishaita pikapu. Mama Debra akaona. Akafumua kochi zima mbele ya mteja, uzi hadi uzi, na mvua inanyesha. Yule bwana akalia, "Mama, mimi nimeridhika!" Akamjibu, "Wewe umeridhika. Mimi bado." Huyo ndiye ninayekusimulia habari zake, na kama hupendi watu wa namna hiyo, tuachane hapa.

Kabla ya kuja kwenye leso, lazima ujue alikotoka baba yake.

Kile kijiji chetu cha Kinoo hakikuanzishwa na mtu aliyetaka kukaa pale. Wakati wa Hali ya Hatari, Wazungu waliwatoa watu mashambani, wakachoma nyumba zao, wakawasukuma mahali pamoja na kuwazungushia handaki, ili wasiwapelekee chakula wapiganaji wa msituni. Uhuru ulipofika, wenye mashamba walirudi mashambani. Wasio na kitu walibaki palepale, kila familia na kijisehemu chake. Mzee Wachira, baba yake Mama Debra, alikuwa mmoja wa waliobaki.

Lakini Wachira alikuwa na shamba. Lilikuwa ng'ambo ya mto, mteremko mzuri unaoanzia juu barabarani hadi majini. Walimkamata wakampeleka kizuizini Manyani. Akiwa huko, serikali ya Wazungu ikapima mashamba upya, vipande vikaunganishwa na kugawanywa, na aliyekuwa karibu na wapimaji ndiye aliyeandikiwa. Aliyekuwa Manyani hakuwa karibu na mtu. Aliporudi alikuta shamba lake limekuwa la homugadi mmoja, mmoja wa wale Waafrika waliobebeshwa bunduki na Wazungu kuwachunga wenzao.

Jina la homugadi huyo Wachira hakulitamka maisha yake yote. Alisema "yule wa bunduki," basi. Akaishi kwa kulimia watu wengine vibarua, ila hakuwahi kuvuka ule mto. Binti yake alipokuwa mdogo, wakienda kukata nyasi, alikuwa akimwonyesha ng'ambo kwa kidevu: "Pale ndipo alipolima Gathoni, yule uliyepewa jina lake." Gathoni alikuwa mama yake Wachira. Wakikuyu humpa binti wa kwanza jina la mama wa baba, kwa hiyo Mama Debra alikua akiitwa kwa jina la mwenye jembe, na jembe halina pa kulima. Mzee alipokufa, kwenye ploti hapakuwa na nafasi hata ya kaburi. Walimzika Lang'ata, katikati ya watu asiowajua. Kwa Mkikuyu wa rika lake hilo ni tusi, na Mama Debra alilimeza bila maji.

Sasa njoo kwa Debra. Debra ni mtoto wake wa pekee, anafanya kazi katika ofisi moja Westlands, ghorofa ambayo mimi nikiingia lifti yake nashika ukuta. Huko alimpata Ryan, kijana mpole, mrefu, wa kusalimia kwa mikono miwili. Tulimpenda. Tulipouliza kwao ni wapi, tukaambiwa ni huko mbele kidogo ya Kinoo, babake anaitwa Norman, alikuwa meneja wa benki, amestaafu, anafuga ng'ombe. Nani angeuliza zaidi? Mama Debra alifurahi hata akaniachia mkasi wake mkubwa, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

Siku ya ruracio ikafika. Hiyo ndiyo siku watu wa kijana wanakuja kwa msichana na mbuzi, mablanketi na maneno matamu. Tulifunga hema juu ya ua wa saruji, tukapika tangu asubuhi. Wageni waliimba getini mpaka tukawafungulia. Jamleck, kaka mkubwa wa Mama Debra na mzee wa kanisa, ndiye aliyesimama badala ya baba. Walizungumza Kikuyu wakichanganya na Kiswahili kwa ajili ya sisi wa kuja.

Mila ni kwamba wageni wajieleze wametoka wapi. Walikuwa na msemaji wao, binamu ya Norman, mdomo asali, anavaa kofia ya manyoya kama chifu. Akasema:

"Huyu msichana wenu hatawahi kununua sukuma wiki, mimi nawaambia! Shamba yetu inaanza pale juu barabarani, inashuka mpaka kwa mto, na huko chini ni nduma tupu. Mkikuja kumtembelea msipotee. Mwambieni tu mtu wa boda awapeleke kwa Wachira. Kila mtu anajua kwa Wachira."

Mtu wa kwetu akauliza, "Wachira ni nani? Si nyinyi ni wa Norman?"

"Hata sisi hatujui!" akasema msemaji. "Ni jina ya kitambo. Labda ni mzee alikuwa anauza pombe hapo."

Watu wakacheka. Hata mimi nilicheka, Mungu anisamehe, kwa sababu alikuwa na namna yake ya kusema.

Wakati huohuo, shangazi wawili wa Ryan walikuwa wamekunjua leso mpya nyuma ya Mama Debra, wamfunge mabegani kama ifanywavyo, ishara kwamba wamempokea na yeye amewapokea. Leso ilikuwa bado hewani. Mama Debra akainua mkono akaidaka. Akaikunja vizuri, pembe kwa pembe, akamrudishia shangazi.

"Ngojeni kidogo," akasema. Kisha akamgeukia Norman. "Baba Ryan. Huyo Wachira ni nani?"

Norman ni mtu mkubwa, mwenye sauti ya kuzoea kusikilizwa. Lakini hapo sauti ilimpungua. "Ni jina tu ya mahali, Mama Debra."

Nilimtazama. Mtu asiyejua jambo humtazama anayemuuliza. Norman alikuwa akitazama viatu vyake.

"Wachira ni baba yangu," Mama Debra akasema. "Na hakuuza pombe."

Nje magari ya Waiyaki Way yalikuwa yakipita, na mbuzi wakilia kando ya geti.

"Mimi sikuwa najua ni nyinyi," akaendelea. "Naapa sikujua. Lakini wewe unajua, Baba Ryan, naona unajua. Sitaki shamba. Sitaki kesi. Nataka useme hapa, mbele ya hawa watu wote, hiyo shamba ilikuwa ya nani na ilitoka kwake aje. Ukisema, nitavaa leso na tutakula. Usiposema, mimi sina binti wa kuoza leo."

Debra aliyekuwa chumbani na wenzake amejifunika, anangoja kuitwa, alitoka mbio. "Mum! Mum, please!"

Jamleck akasimama, mikono juu kama anayetuliza kuku. "Virginia, tumekuja kwa furaha. Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo."

"Ndwele isiyogangwa haipiti, Jamleck."

Norman hakusema. Basi wakaondoka. Umewahi kuona mbuzi wa mahari wakipakiwa tena kwenye pikapu? Sisi tuliona. Mmoja alikataa kupanda, ikabidi Ryan mwenyewe ambebe, suti yake mpya ikachafuka mbele yetu sote. Kijana alikuwa analia waziwazi. Chakula chetu kikabaki kwenye sufuria, na majirani wakala kwa siku mbili huku wakitusengenya.

Sitadanganya: nilimkasirikia. Kesho yake kibandani nilimwambia, "Mama Debra, hata kwetu Wazungu walitutenda. Babu yangu alitembea na kipande, kile kitambulisho cha wakoloni, shingoni kama mbwa mwenye mkanda, akalipa kodi ya nyumba ya nyasi aliyojijengea mwenyewe. Lakini sijamnyima mtu mke kwa ajili hiyo."

Akaendelea kukanyaga cherehani. "Na huyo aliyemvalisha babu yako kipande," akasema, "mjukuu wake amekuja kuoa kwako?"

"Hapana."

"Basi shona."

Debra alikuja saa ya chakula cha mchana siku hiyohiyo, amevalia nguo za ofisi, amepita katikati ya vumbi la mbao bila kujali. Hakuketi.

"Mum, mimi nimekukosea nini?"

"Hujanikosea."

"Ryan amekukosea nini? Hata babake alikuwa hajazaliwa! Hizo vitu ni za Wazungu na hao walienda. Wewe ndio umebaki nazo."

Mama Debra akasimamisha mashine. Alimtazama bintiye muda, na nilidhani atamchapa kwa maneno kama anavyotuchapa sisi. Badala yake akasema polepole, "Wazungu walienda, ni kweli. Lakini mzungu hakulima hiyo shamba, Debra. Alichukua kwa mmoja wetu akapatia mwingine wetu, halafu akaenda akatuachia tukitazamana. Baba yangu alitazama hiyo shamba kutoka ng'ambo mpaka akakufa. Na kila mtu huko anasema 'kwa Wachira, kwa Wachira,' na wanacheka eti alikuwa muuza pombe. Wewe ukizaa huko, mtoto wako atacheka na wao. Atamcheka babu yake na hatajua."

"Kwa hivyo mimi nisiolewe?"

"Olewa. Mimi sijamfukuza Ryan. Nimemwambia babake aseme maneno matatu."

"Hatasema! Na unajua hatasema!" Debra akaondoka. Usiku ule hakurudi Kinoo, akaenda kukaa kwa rafiki yake. Mama Debra hakulia mbele yangu. Lakini kesho yake alikata kitambaa cha mteja kwa kipimo cha kochi jingine, na hilo kwake ni kulia.

Jamleck akaja mara kwa mara na Biblia. Wanawake wa chama chetu cha akiba wakaja. Hata mchungaji alipiga simu. Kila mmoja alikuwa na msamaha mfukoni, na kila mmoja aliambiwa jambo lile lile: msamaha upo, umepikwa, umepakuliwa, ila aliyeombewa hajasema alichokosa. Ataanzaje kula?

Halafu siku moja gari kubwa jeusi likaegeshwa mbele ya kibanda chetu, na Norman akashuka. Mafundi wote wakadhani amekuja kuagiza seti nzima, wakaanza kumfutia vumbi. Akaja moja kwa moja hadi nyuma. Mama Debra akamwonyesha kochi lisilovalishwa bado, mbao na springi tupu. Mzee yule akaketi hapo, akazama.

"Mama Debra," akasema, "mimi nakuheshimu. Nimekuja kama mzazi mwenzako. Ni kweli. Ilikuwa ya baba yako."

Nilisimamisha mkasi. Nikasema moyoni, imekwisha, asante Yesu.

Mama Debra akamwuliza, "Unaniambia mimi?"

"Nakwambia wewe."

"Mimi nilikuwa najua. Hukuhitaji petroli kuja kunieleza."

Norman akapangusa uso. "Wakili wangu amenikataza kusema mbele ya watu. Anasema itakuwa ushahidi. Una ndugu, ndugu wana watoto, kesho mtu mwingine anaenda kortini. Nielewe." Kisha akasogea mbele, sauti ikashuka, na hapo ndipo nilipomwona meneja wa benki. "Lakini sikia. Nimefikiria. Nitawakatia Ryan na Debra ile sehemu ya chini, ile ya mtoni. Wajenge. Wajukuu wako watazaliwa hapo. Si unaona? Shamba ya baba yako itarudi kwa damu yake yenyewe. Polepole, bila kelele. Hakuna mtu ataaibika."

Nakwambia ukweli, mimi ningekubali. Ningemshika mkono pale pale. Shamba lirudi, binti aolewe, mzee Wachira alale. Nilimtazama Mama Debra nikiomba akubali, na niliona imemgusa, kwa maana alishika shingo yake.

"Itarudi kama zawadi yako," akasema mwisho. "Debra atakushukuru. Watoto wake watakushukuru. Kila Krismasi watasema, babu Norman alitupatia shamba. Na Wachira ataendelea kuuza pombe." Akainuka. "Hapana, Baba Ryan. Baba yangu hakuibiwa kibandani. Ilipimwa mchana, watu wakiona. Itasemwa mchana, watu wakisikia."

Norman alipata taabu kuinuka kwenye zile springi. Nilitaka kumsaidia, Mama Debra akaniangalia, nikabaki nilipo. Baadaye nilimwambia kwamba ameringa kupita kiasi, na kwamba mshika mawili moja humponyoka, ila yeye ameshikilia moja na yote mawili yamemponyoka. Tulifunga kibanda mapema, tukarudi nyumbani kila mmoja na hasira yake.

Kilichofuata alinisimulia Debra mwenyewe. Ryan alimpigia simu kwa furaha: "Babe, dad amekubali kutukatia ploti!" Debra akauliza ploti gani. Akaambiwa ya mtoni. Alikuwa amesimama kwenye kidirisha cha ofisi, anasema, akitazama magari chini, na swali likamtoka kabla hajalifikiria: "Kama si yake, anatukatia aje?" Ryan alikuwa hajui lolote. Babake alimwambia tu kwamba mama mkwe ana kisirani cha uzee. Siku hiyohiyo wakaenda pamoja nyumbani kwao, na Debra akamsalimu Norman kwa adabu zote, akamwambia:

"Baba, siku mtaleta pombe ya mahari, mila inasema niulizwe mbele ya wazee kama inywewe. Bila mimi kusema ndiyo, hakuna mtu anaweza kuonja. Nimekuja kukwambia mapema nitasema hapana. Nitangoja mama ajibiwe."

Ryan akasema, "Na mimi sitaoa mwingine, dad." Kijana mpole yule. Mpole si mjinga.

Debra alirudi Kinoo jioni hiyo na mkoba wake wa nguo. Alimkuta mamake akichambua maharagwe uani, akachuchumaa, akaanza kuchambua pamoja naye. Hawakukumbatiana. Watu hawa hawana hayo mambo. Lakini mimi niliyekuwa dirishani nilipiga vigelegele vya chini kwa chini kama mwizi.

Norman alikaa kimya majuma. Mwishowe akamtuma Jamleck: siku ya Jumamosi, watu waje kule kwake, wa kwetu na wa kwao, na majirani wa ule mteremko wamealikwa. Wakili wake alimwambia asithubutu. Yeye akamwambia wakili, nilivyosikia, kwamba wakili hatamzalia wajukuu.

Tukaenda. Tulipofika mtoni Mama Debra alisimama kabla ya daraja. Nilidhani amechoka. Alikuwa amemkumbuka baba yake, akaniambia, "Lornah, hapa ndipo alikuwa anageukia." Kisha akavuka.

Watu walikuwa wengi kuliko nilivyotarajia. Viti vilipangwa kwenye nyasi, vikajaa, wengine wakasimama. Norman akasimama mbele, hana karatasi, kofia mkononi. Akaanza kwa kuzunguka: Mungu ni mwema, mvua ilikuwa nzuri, vijana wetu wanapendana.

"Baba Ryan," Mama Debra akasema kutoka kwenye kiti chake, bila ukali. "Jina."

Norman akapumua. "Shamba hili lilikuwa la Wachira," akasema. "Mwana wa Gathoni. Huyo ndiye Wachira wa 'kwa Wachira.' Hakuuza pombe. Alikula kiapo cha kupigania nchi, akapelekwa Manyani. Baba yangu alikuwa homugadi. D.O., ofisa Mzungu wa hapa, alimwandikia shamba hili wakati wa kupima, na baba alijua ni la nani. Mimi pia nimejua tangu nikiwa kijana. Mama yangu alikuwa akitukataza kuuza nduma za huku chini katika soko la Kinoo, ili watu wa Wachira wasizione. Tulizipeleka mbali, tulizipeleka Limuru. Nimekula shamba hili nikaenda shule nalo, na watoto wa Wachira wakalimia watu vibarua. Nimesema. Wachira, nisamehe. Watoto wake, nisameheni."

Mama Debra akalia. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, kama msiba umetokea asubuhi ile. Debra akamshika upande mmoja, mimi upande wa pili, na nilikuwa nalia zaidi yao wote ingawa si shamba langu. Wale shangazi wawili wakaja na leso ileile. Safari hii hakuinua mkono. Walipoifunga, wanawake wakaanza kuimba, na Jamleck, mwenye Biblia na methali, alikuwa ameinamisha kichwa magotini, mabega yanatikisika.

Ningeishia hapo ningekuwa nimekupa hadithi tamu. Lakini haikuishia hapo.

Kulikuwa na shosho mmoja kwenye kiti cha mbele, Tabitha, jirani yetu wa Kinoo. Ni mkongwe, macho yameingia ukungu, anaishi katika chumba kimoja nyuma ya duka la mbolea. Wimbo ulipotulia akagonga chini kwa fimbo yake.

"Ni vizuri," akasema. "Norman amesema la babake. Na sasa, Virginia, nani atasema langu?"

Mama Debra akageuka. "Lako lipi, shosho?"

"Kile kijiji. Wazungu walikiweka wapi? Hewani? Walikiweka kwa shamba ya baba yangu. Walituvunjia nyumba, mimi nikiwa msichana, nikachimba handaki katika mahindi yetu wenyewe. Wazungu wenyewe wakaondoka. Nyinyi mkabaki. Mimi sisemi mliiba, mliletwa na bunduki kama ng'ombe, najua. Lakini umejenga vyumba vya kupangisha, Virginia. Umeweka saruji. Hujawahi kuniuliza unalala kwa nani."

Jamleck akainuka haraka: "Shosho, hayo tutayazungumza siku nyingine, leo ni siku ya watoto." Na yule msemaji wa kofia ya manyoya akaanza kuwapigia makofi waimbaji waendelee. Norman alimtazama Mama Debra, na machoni mwake hamkuwa na furaha wala kisasi. Alikuwa anangoja, kama mtu aliyekwisha kuvuka maji baridi anavyomtazama anayefuata. Mimi nikafikiria kitanda changu, na jiko langu, na ukuta ninaoulipia kodi kila mwezi. Nilitamani Mama Debra aketi. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu naye, nilitamani awe mtu wa kukaa tu.

Akainuka. Akaenda hadi kwenye kiti cha Tabitha, akapiga magoti kwenye nyasi, akamshika mikono.

"Shosho, baba yako aliitwa nani?"

"Gatimu."

"Gatimu," akarudia, kama anayejifunza.

"Virginia, kaa chini!" Jamleck akasema. "Unajua unatuingiza wapi?"

"Najua," akasema. "Si nimetoka kumwingiza mwenzetu?"

Akatembea hadi mbele, mahali palepale aliposimama Norman, nyasi bado zimelala. Norman akasogea kumpisha, na hakurudi kitini, akabaki amesimama kando yake. Debra akaja akasimama upande wa pili. Mama Debra akatutazama sote, wa kwetu na wa kwao, akapangusa macho kwa pindo la leso, na alipozungumza sauti yake ilifika hadi kwa walio barabarani.

"Naitwa Virginia Gathoni, binti ya Wachira," akasema. "Nyumba ninayolala imejengwa katika shamba la Gatimu."